Sensa ya Australia na watu wanaohesabiwa kwa makadirio

Sensa ya Australia ya Agosti 2021 iliorodhesha Waaborijini na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait wapatao 812,728. Baadaye Ofisi ya Takwimu ya nchi hiyo, ambayo ndiyo iliyoendesha sensa, ilitoa makadirio yake rasmi: kufikia tarehe 30 Juni mwaka huo, watu hao walikuwa karibu 984,000. Tofauti kati ya tarakimu hizo mbili ni zaidi ya watu 170,000. Kwa maneno mengine, katika kila wenyeji sita, zaidi ya mmoja hakuonekana katika hesabu ya nchi yake mwenyewe.

Habari hii haikuvujishwa na mtu. Imo katika taarifa za ofisi yenyewe. Kila baada ya sensa wataalamu wake huchagua sampuli ya nyumba nchini kote, huzirudia kwa mahojiano, kisha hulinganisha walichokipata na fomu za sensa ili kujua ni wangapi waliorukwa na wangapi waliohesabiwa mara mbili. Kwa Waaustralia wote kwa jumla, upungufu uliogunduliwa mwaka 2011 ulikuwa asilimia 1.7. Mwaka 2016 ulishuka hadi asilimia 1, na mwaka 2021 ukawa asilimia 0.7. Ni kazi ya kusifiwa, na si mataifa mengi yanayoweza kujivunia kiwango hicho. Kwa wenyeji wa asili, hata hivyo, upungufu ulikuwa asilimia 17.2, halafu 17.5, halafu 17.4. Katika muongo ambao Australia ilijifunza kumhesabu karibu kila mkazi wake, haikusogea hata hatua moja kwa wale waliotangulia kuikalia ardhi hiyo.

Yafaa kueleza mapema kwamba upungufu huo hautokani tu na watu ambao karani hakuwafikia. Sehemu yake inatokana na kisanduku kilichoachwa wazi. Fomu humuuliza kila mtu iwapo ana asili ya Kiaborijini au ya visiwa vya Torres Strait, na mwaka 2021 zaidi ya watu milioni moja hawakuwa na jibu la swali hilo, ama kwa kuwa hawakulijaza, ama kwa kuwa nyumba yao haikurudisha fomu na ofisi ikalazimika kukisia waliomo. Ofisi hukisia umri na jinsia. Asili ya mtu haiikisii. Kwa hiyo wapo Waaborijini waliomo katika jumla ya Waaustralia lakini hawamo katika jumla ya Waaborijini. Kasoro hiyo ya pili ni ya mijini zaidi. Ile ya kwanza, ya kurukwa kabisa, ndiyo inayotuhusu hapa, nayo ina makazi yake: vijiji vya Arnhem Land, rasi ya Cape York, eneo la Kimberley na majangwa ya katikati ya bara hilo.

Kuwahesabu au kutowahesabu watu hawa limekuwa jambo la siasa tangu taifa la Australia lilipoundwa. Ibara ya 127 ya katiba iliyoanza kutumika mwaka 1901 iliagiza kwamba katika kujumlisha idadi ya watu wa nchi, Waaborijini wasihesabiwe. Dharau ya rangi ilikuwamo, bila shaka, lakini sababu iliyowashughulisha watunga katiba ilikuwa ya fedha na viti. Idadi ya watu ndiyo ingeamua mgao wa kila jimbo katika hazina ya shirikisho na idadi ya wabunge wake, na majimbo mengine hayakutaka Queensland na Australia Magharibi, yenye Waaborijini wengi, yafaidike na watu ambao yenyewe hayakuwatambua kama raia kamili. Ibara hiyo ilifutwa kwa kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967, ambapo karibu asilimia 91 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Sensa ya 1971 ikawa ya kwanza kuwajumuisha wote katika hesabu ya taifa.

Mara nyingi husomwa, hata katika magazeti yetu, kwamba kura ya 1967 ndiyo iliyowapa Waaborijini haki ya kupiga kura. Sivyo. Haki hiyo katika uchaguzi wa shirikisho ilikamilishwa kwa sheria ya mwaka 1962. Kilichofanywa mwaka 1967 ni mambo mawili: kulipa bunge la shirikisho uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya Waaborijini, na kuwaingiza katika hesabu. La pili lilionekana kuwa jepesi, kwani kufuta ibara ni kazi ya siku moja.

Ugumu wenyewe ulikuja kudhihirika pale karani alipofika kijijini na fomu yake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walifuatana na shughuli ya sensa katika sehemu nne: mji mdogo wa Aurukun ulioko Queensland, Fitzroy Crossing katika Australia Magharibi, kambi za Waaborijini pembezoni mwa Alice Springs, na vijiji vidogo vya Wayolngu huko Arnhem Land. Waliyoyaona yalichapishwa mwaka 2007 katika kitabu kilichohaririwa na mwanaanthropolojia Frances Morphy, na hadi leo ni vigumu kupata maelezo bora kuliko hayo kuhusu namna dodoso la serikali linavyoweza kumwona mtu na bado lisimwone.

Fomu ya sensa hudhani kwamba nyumba ni kaya, na kwamba kaya ni baba, mama na watoto wao, pengine na jamaa mmoja wa ziada. Humtaja mtu wa kwanza, kisha huuliza wengine wana uhusiano gani naye. Kwa Wayolngu, dada wa mama huitwa kwa neno lile lile la mama, na ndugu wa kiume wa baba huitwa kwa neno la baba; watoto wao ni kaka na dada. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Sisi tuna mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo, na mtoto wa mama mdogo tunamwita ndugu bila kujisahihisha. Bibi wa Kiyolngu akimwambia karani kwamba hawa watano ni watoto wake, atakuwa amesema kweli, na fomu itakuwa imeandika jambo jingine kabisa. Wengi wetu tunaoishi London, Muscat au Minneapolis tumewahi kuinamia fomu ya namna hiyo tukijiuliza mtoto wa shangazi aliyekuja kwa wiki mbili, na sasa anamaliza mwezi wa nane sebuleni, aandikwe wapi. Kwetu hilo ni suala la mtu mmoja. Huko Arnhem Land ndio utaratibu wa maisha.

Neno jingine linaloleta taabu ni "kwa kawaida". Fomu inataka kujua mtu huishi wapi kwa kawaida. Kijana wa miaka 20 ana godoro kwa nyanya yake katika kijiji kimoja, ana mke katika kijiji cha pili, na wiki nyingi za mwaka yuko mjini au katika mazishi, ambayo kwa jamii hizi huweza kuchukua siku nyingi na kukusanya watu kutoka mamia ya kilomita. Anapoulizwa anaishi wapi, kila nyumba inaweza kusema ni wa kwao, na kila nyumba inaweza vilevile kudhani kwamba nyumba nyingine imekwisha kumwandika. Uzoefu wa sensa unaonyesha kwamba vijana wa kiume ndio wanaopotea zaidi kwa njia hii. Zaidi ya hayo, sensa hufanyika Agosti, wakati wa kiangazi cha kaskazini, kwa sababu barabara za vumbi zinapitika. Zinapitika kwa karani, na zinapitika pia kwa kila mwenye safari yake. Kuna jambo dogo lisilojulikana na wengi: katika jamii nyingi za Waaborijini jina la marehemu halitamkwi kwa muda mrefu, na aliye hai mwenye jina hilo hupewa jingine. Orodha ya majina iliyoandikwa mwezi wa Juni yaweza isifae mwezi wa Agosti.

Halafu kuna hofu, ambayo hakuna dodoso linaloipima. Nyumba nyingi za vijijini humo ni mali ya serikali au ya mashirika ya nyumba, nazo zimejaa kupita kiasi. Mwenye mkataba wa kupanga vyumba vitatu anapoulizwa na mgeni mwenye kitambulisho cha serikali kwamba humu ndani mmelala wangapi, ana sababu ya kutaja watu sita hata kama ni kumi na wanne. Hajui jibu lake litafika kwa nani. Sheria ya takwimu ya Australia inakataza fomu ya mtu kuonyeshwa kwa idara nyingine yoyote, na hakuna sababu ya kudhani kwamba sheria hiyo inavunjwa. Lakini kwa mtu ambaye serikali moja humlipa posho, humkodisha nyumba, huchunguza malezi ya watoto wake na kumhesabu, mipaka kati ya idara haionekani. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2007 serikali ya shirikisho iliingia katika vijiji vya Northern Territory kwa amri ya dharura, ikatumia wanajeshi katika shughuli hiyo na kuanza kudhibiti matumizi ya posho za wakazi. Kumbukumbu hiyo haikufutika kwa kampeni ya matangazo ya sensa.

Watetezi wa mfumo wana jibu, na ni jibu la kuheshimika. Wanasema kwamba upungufu unajulikana na unasahihishwa. Ni kweli. Katika Northern Territory sensa ya 2021 iliwakuta Waaborijini wapatao 61,000. Makadirio yaliyosahihishwa yakawapandisha hadi zaidi ya 76,000, yaani kutoka asilimia 26 ya wakazi wote hadi takriban 31. Makadirio hayo yaliyosahihishwa ndiyo hutumika katika kugawa mapato ya kodi ya bidhaa na huduma kati ya majimbo. Tume inayoshauri mgao huo huzingatia idadi ya wenyeji wa asili na umbali wa makazi yao, na katika miaka ya karibuni Northern Territory imekuwa ikipata karibu mara tano ya wastani wa taifa kwa kila mkazi. Hivyo, wanasema, fedha zinafika.

Zinafika Darwin. Hapo ndipo hoja hiyo inapoishia. Marekebisho ya takwimu hutokana na sampuli, na sampuli inayotosha kulikadiria jimbo zima haitoshi kukikadiria kijiji. Ofisi ya Takwimu inaweza kusema kwa uhakika wa kiasi kwamba watu 15,000 wamekosekana katika Northern Territory. Haiwezi kusema ni kijiji kipi kimekosa 60 na kipi kimekosa 10. Kijiji cha watu 300 kilichoandikwa watu 240 kitabaki na 240 katika jedwali ambalo mpangaji wa nyumba, wa shule au wa zahanati hulifungua mbele yake. Anayegawa fedha kati ya majimbo ana tarakimu iliyosahihishwa, na anayezigawa ndani ya jimbo mara nyingi analitazama jedwali lisilosahihishwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, watu waliohesabiwa kwa makadirio wameingia katika hesabu ya nchi bila kuingia katika hesabu ya mahali wanapoishi.

Suala la viti bungeni limeonyesha jambo hilo kwa uwazi. Northern Territory ina wabunge wawili katika Baraza la Wawakilishi. Jimbo la uchaguzi la Solomon ni mji wa Darwin na sehemu ya Palmerston. Jimbo la pili, Lingiari, lililopewa jina la Vincent Lingiari aliyeongoza mgomo wa wafanyakazi wa Kiaborijini katika shamba la mifugo la Wave Hill mwaka 1966, ndilo lililobeba eneo lote lililosalia, kubwa kuliko Tanzania. Mwaka 2003 hesabu ya idadi ya watu ilionyesha kwamba Northern Territory imepungukiwa na watu mia chache tu ili kustahili kiti cha pili. Bunge lilipitisha sheria mwaka 2004 kulitengua tangazo hilo, hoja kuu ikiwa kwamba upungufu wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kosa linaloweza kuwamo katika makadirio. Mwaka 2020 mambo yakajirudia: kiti kikatangazwa kufutwa, na mwezi wa Desemba bunge likabadilisha kanuni ya kugawa viti ili kukinusuru. Mara mbili katika miaka 17 wabunge wamelazimika kukiokoa kiti kwa sheria, kwa kuwa hawakuweza kuiamini sensa yao wenyewe. Ni afadhali kuliko kukipoteza. Lakini kiti kinachodumu kwa hisani ya wabunge wa Sydney na Melbourne ni kiti cha namna nyingine.

Wakati huo huo idadi ya kitaifa ya wenyeji wa asili inaongezeka kwa kasi, jambo linalowafanya wengi wadhani kwamba tatizo linaelekea kwisha. Kati ya 2016 na 2021 waliojitambulisha katika sensa waliongezeka kwa asilimia 25, kutoka 649,171. Chini ya nusu ya ongezeko hilo inaelezwa na kuzaliwa, kufa na kuhama. Sehemu kubwa inatokana na watu ambao awali hawakuutia alama ule mstari wa fomu na sasa wanautia, wengi wao wakiwa wakazi wa miji ya kusini na mashariki. Wana haki kamili ya kufanya hivyo. Kuna familia zilizoificha asili yake kwa vizazi viwili au vitatu kwa sababu zinazoeleweka. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba sehemu ya wenyeji wanaoishi maeneo ya mbali imeshuka kutoka karibu robo mwaka 2006 hadi takriban asilimia 15 mwaka 2021. Wastani wa kitaifa wa elimu, ajira na makazi ya Waaborijini unazidi kuwa wastani wa watu wa mijini. Ukipanda, serikali hutangaza maendeleo. Kule ambako karani alimruka mmoja kati ya kila watano au sita, huenda hakuna lililobadilika, na hakuna tarakimu ya kuonyesha hivyo.

Je, kuna wanaofanya vizuri zaidi? Marekani huanzia sensa yake katika vijiji vya mbali vya Alaska. Ile ya 2020 ilifunguliwa mwezi wa Januari katika kijiji cha Toksook Bay, kabla ya theluji kuyeyuka na wakazi kutawanyika kwenda kuvua na kuwinda. Ni busara ya kuifuata kalenda ya wanaohesabiwa. Hata hivyo, mwaka huo wa janga la korona, upungufu katika maeneo yaliyotengwa kwa Wahindi Wekundu ulifikia asilimia 5.64, kutoka 4.88 mwaka 2010.

Mfano wa Brazil una uzito zaidi. Sensa yake ya 2022 iliwapata wenyeji wa asili 1,693,535, wakati ile ya 2010 ilikuwa imewapata 896,917. Safari hii pia, wanawake wa Amazon hawakuzaa watoto laki nane katika miaka 12. Swali la kujitambulisha, ambalo mwaka 2010 liliulizwa kwa ukamilifu ndani ya ardhi zilizotambuliwa rasmi tu, lilipelekwa hadi kwenye makazi mengine ya wenyeji. Makarani walikutana kwanza na viongozi wa jamii kabla ya kugonga mlango wa mtu yeyote, wakachukua waongozaji na wakalimani wa mahali hapo. Nchi ya Wayanomami, iliyokuwa imevamiwa na wachimba dhahabu, ilikamilishwa mapema mwaka 2023 kwa helikopta za serikali, na ikaonekana kuwa na wakazi 27,152, wengi kuliko ardhi nyingine yoyote ya wenyeji nchini humo. Brazil si nchi tajiri kuliko Australia.

Kwetu Afrika Mashariki mambo haya si mageni, ingawa huja kwa sura nyingine. Nchini Kenya, matokeo ya sensa ya 2009 yalipotangazwa mwaka 2010, serikali ilifuta hesabu ya wilaya nane za Mandera, Wajir, Garissa na Turkana kwa madai kwamba watu walikuwa wengi mno kuliko vizazi na vifo vinavyoweza kueleza. Huko Australia watu wa mbali wanaonekana wachache. Kule Kenya walionekana wengi. Katika hali zote mbili, hukumu ilitolewa katika mji mkuu, na kwa wafugaji wa kaskazini haikuwa hukumu ya kinadharia, kwani kanuni ya kwanza ya mgao wa fedha za kaunti chini ya katiba ya 2010 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45. Waogiek wa msitu wa Mau waliandikwa 78,691 mwaka 2009 na 52,596 mwaka 2019. Kati ya sensa hizo mbili, mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha iliwapa ushindi dhidi ya serikali yao. Jamii iliyopata hukumu ya ardhi ilijikuta, katika vitabu vya nchi, imepoteza theluthi ya watu wake bila vita wala tauni.

Tanzania ilichagua njia yake mwaka ule ule wa 1967. Sensa ya mwaka huo ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Uamuzi huo umeliletea taifa utulivu ambao majirani wanauonea wivu, na mwandishi huyu si miongoni mwa wanaotaka swali lile lirudi. Lakini una gharama, nayo inalipwa na wachache. Sensa ya 2022 ilipata Watanzania 61,741,120, na kitabu chake hakiwezi kumwambia mtu ni Wahadzabe wangapi wamesalia kandokando ya Ziwa Eyasi.

Kwa Australia, dawa inayotajwa mara kwa mara na watafiti tangu 2006 inajulikana: kuajiri watu wa kijiji kwa muda mrefu badala ya majuma machache kila miaka mitano, na kuanzia kwenye orodha ambazo kijiji kinazo tayari. Zahanati inajua nani amechanjwa na nani anasubiriwa. Duka linajua nani anakopa. Mwalimu anajua mtoto yupi amehamia kwa bibi yake. Orodha ya zahanati pekee ingeweza kuziba sehemu kubwa ya pengo, lakini orodha hiyo ni siri ya wagonjwa, na mkuu wa zahanati anayeombwa kuitoa anajua kwamba anayeiomba amevaa kitambulisho cha serikali ile ile inayokagua kodi ya nyumba. Anaweza kujibu kwamba karani anakaribishwa kuuliza nyumba kwa nyumba.